Namba ni ya mbavu, si ya matiti

Leo nataka tuongee mambo ya bra jamani, maana hii kitu imenitesa karibu miaka kumi na hakuna mtu aliniambia.

Nilikuwa navaanga 38B. Sijawahi pimwa na mtu, hiyo saizi niliichukua tu nikiwa fomu tatu kwa sababu ndio dadangu alikuwa anavaa, nikaendelea nayo mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa. Kamba zinanikata mabega mpaka alama hazitoki, mkanda wa nyuma unapanda tu kuelekea shingo, nikiinua mkono kuanika nguo kitu yote inapanda na matiti yanatokea chini. Dawa yangu ilikuwa kukaza kamba. Kila asubuhi nakaza, jioni mabega yanawaka moto.

Sasa Jumapili moja nikaenda soko la Kibuye, Kisumu, kuna mama anauza bra za mitumba, akaniona nachagua chagua akaniuliza, "Nyathina (yaani mtoto wangu), hiyo 38 unanunulia nani?" Nikamwambia mama, ni yangu. Hakubishana na mimi, alitoa tepu ya fundi shingoni akanipima hapo hapo juu ya tisheti. Chini ya matiti inchi 34, kwa chuchu inchi 39. Akasema wewe ni 34DD. Mimi nikakataa kabisa, kwa sababu kichwani mwangu DD ni wale wenye vifua vikubwa kabisa.

Kumbe hiyo herufi peke yake haisemi kitu. Namba ni mzunguko wa mbavu zako, herufi ni tofauti kati ya mbavu na kifua. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E, hizo ni herufi za Uingereza. Kwa hivyo kikombe cha 34D si sawa na cha 38D, ni kidogo zaidi, kinatoshana na cha 38B. Yaani kikombe changu nilikuwa nimekosea kidogo tu, shida kubwa ilikuwa mkanda, na mkanda ndio unabeba sehemu kubwa ya uzito, kamba ni za kusaidia tu. Mkanda ukilegea mabega ndio yanalipa.

Ukitaka kujipima nyumbani vaa bra nyepesi isiyo na sponji au usivae kabisa, simama mbele ya kioo, pitisha tepu chini kabisa ya matiti, iwe sawa mbele na nyuma, toa pumzi na uivute ikukamate. Ukipata 33 jaribu 32 na 34 zote. Halafu pima pale kifua kimejaa zaidi, hapa usivute, tepu iguse tu. Kama umenyonyesha na matiti yameshuka, inama mbele ndio upime, ukipima umesimama utapata namba ya uongo. Na zile chati za zamani zinasema uongeze inchi 4 kwa mbavu, achana nazo, ndizo zinatupeleka kwa mikanda mikubwa.

Ukiivaa, bra mpya ifungie kulabu ya mwisho kabisa, ile iliyolegea, ndio ikivutika na siku uwe na mahali pa kusogea. Inama, ingiza mkono uvute titi lote kutoka upande wa kwapa liingie kwa kikombe. Katikati ilale kwa mfupa, waya isikanyage titi, na nyuma vidole viwili viingie lakini ngumi isiingie. Titi likimwagika juu kikombe ni kidogo, usikimbilie kuongeza namba.

Mitumba ina mambo yake. Huwezi vua nguo sokoni, na lebo zinatoka kila nchi: ukiona 75 hiyo ni kama 34, 80 ni kama 36, na ukishapita D herufi zinabadilika, DDD ya Marekani ndio E ya Uingereza. Mimi siku hizi natembea na tepu kwa mkoba, nauvuta mkanda mpaka mwisho naupima, ukipita mbavu zangu kwa mbali naurudisha, na ukikataa kurudi baada ya kuvutwa hiyo lastiki imekufa, hata kama ni ya shilingi thelathini usichukue.

Pia upime tena ukipata mimba, ukinyonyesha, ukinenepa ama kukonda. Hata karibu na periodi matiti hufura, usinunue hiyo wiki.

Dadangu, yule nilimwiga hiyo 38B, nilimpima Jumamosi jikoni kwake watoto wakiwa nje. Yeye ni 34D.