Sindano ya tatu

Binti yangu alikuwa na kazi ya nyumbani ya milio ya wanyama. Mbuzi, paka, simba, jogoo, wote aliwajaza bila msaada wa mtu, akakwama kwa sungura.

"Mama, sungura analiaje?"

Nikamwambia aandike kwamba sungura halii. Akaandika, akafunga daftari, akaenda zake kulala. Nadhani mwalimu atampa vema. Mimi ndiye niliyebaki mezani na chai inapoa, kwa sababu sungura nimewahi kumsikia akilia, tena niliyemsikia ni Diwani.

Mliokuwa mnapita kwetu Kihonda, Morogoro, enzi zile mnamkumbuka Diwani. Dume jeupe, macho mekundu, mzito kuliko mtoto wa jirani aliyekuwa anatambaa. Jina alipewa na kaka, kwa sababu alikula kutwa nzima na hakuna aliyejua kazi yake nyingine, mbali na ile iliyokuwa inatujazia banda. Sisi watoto tulimhesabu kuwa wetu. Baba alimhesabu kuwa kitoweo cha Krismasi. Hatukuwa na ugomvi juu ya hilo, maana Krismasi ilikuwa mbali.

Ilikuwa Oktoba 1999, mwezi aliofariki Mwalimu Nyerere. Redio yetu haikuzimwa siku zile. Nyimbo za maombolezo, salamu za rambirambi, halafu nyimbo tena, na baba ameketi karibu nayo hadi usiku mwingi, mikono mapajani. Usiku mmoja tukasikia kitu kinagonga nyuma ya nyumba: ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta-ta. Baba akachukua tochi na rungu. Tulimfuata hadi bandani tukiwa tumeshikana mashati. Hapakuwa na mwizi wala paka. Diwani alikuwa anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, na kisigino kilikuwa kinapiga ubao kila kinaposhuka.

"Ana kupe huyo," baba akasema, akarudi kwenye redio.

Hakuwa na kupe. Asubuhi zilizofuata alikuwa anatikisa kichwa kila baada ya kula majani mawili matatu. Sikio la kushoto, lililozoea kusimama wima, likaanza kulala upande. Manyoya ya shina la sikio yakanyonyoka, pakabaki ngozi yenye michirizi ya kucha zake mwenyewe. Mama alisema ni vumbi. Jirani mmoja alisema apakwe mafuta ya taa. Mwingine akashauri oili chafu ya gari, na akajitolea kuileta. Mzee wa ng'ambo ya barabara alikuwa na imani na ugoro, lakini yule aliamini ugoro kwa kila ugonjwa, hata wa macho.

Kaka akasema tuliangalie sikio lenyewe.

Ilikuwa alasiri, chini ya mwembe. Nilimfunga Diwani kwenye kanga kuukuu ya mama, nikamkaza miguu yote ndani, kichwa tu nje, nikamkalisha mapajani mgongo wake ukiwa tumboni kwangu. Kaka akalikunjua sikio. Ndani hamkuwa na tundu. Palikuwa na ukoko, kama ule wa ugali unaobaki sufuriani ukapigwa na jua: tabaka juu ya tabaka, rangi ya kahawia inayokaribia manjano, umejaa kuanzia chini hadi katikati ya sikio, na kingo zake zimenyanyuka. Harufu ilikuwa ya kitu kilicholowa na kufungiwa. Kaka akanitazama. Nikamtazama. Mfukoni alikuwa na kibanio cha mama cha nyusi.

Akashika ukingo mmoja wa ukoko, akavuta.

Nitajaribu kuieleza ile sauti. Ilikuwa nyembamba na ndefu, haikupanda wala kushuka, na ilitoka kwa mnyama ambaye tangu nimjue sijamsikia hata akikohoa. Kwanza sikuamini inatoka kwake. Nilidhani ni mbao, au bawaba ya mlango wa choo. Kisha nikaihisi. Ilikuwa inatetemeka kwenye mbavu zake, inapenya kanga, inaingia tumboni kwangu. Moyo wake ulikuwa unakimbia hivi kwamba mapigo hayakuweza kutenganishwa. Miguu ya nyuma ikasukuma kanga mara moja, kwa nguvu ambayo sikujua sungura anayo, halafu ikalegea kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. Kipande cha ukoko kilikuwa kwenye kibanio, na pale kilipotoka palikuwa pabichi, pekundu, damu inajikusanya taratibu kama vile haina haraka.

Mama alitoka jikoni anauliza ni nani kamfinya mtoto. Kaka hakujibu, alikuwa ameshaweka mwembe kati yake na sisi.

Baba alitokea bafuni na taulo kiunoni, sabuni bado ipo sikioni mwake na kwenye nusu ya uso. Hakuuliza kitu. Alimchukua Diwani kutoka kwangu pamoja na kanga yote, akaketi kwenye kigoda, akaivuta pembe ya kanga ikamfunika Diwani macho. Halafu akalishika lile sikio kwa vidole viwili, pale penye afya, akalisimamisha lisijiguse. Akakaa hivyo. Povu likamkaukia usoni. Nilisimama pale namtazama, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mkono huu ndio unaowachinja wote, kila mwaka, nyuma ya banda, na sijawahi kuuona ukishika kitu namna hii.

Bwana mifugo alikuja kesho yake na baiskeli. Kijana mwembamba, amemaliza masomo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, si zamani, mkoba wa ngozi umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

"Karibu mtaalamu," baba akamwambia.

"Starehe mzee. Huyu ndiye mgonjwa?"

Hakugusa ukoko uliobaki. Alichukua kile kipande alichong'oa kaka, akakiweka kwenye mfuniko mweusi wa kopo la dawa ya viatu, akauweka mfuniko juani, akatuita. Tukainamisha vichwa. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nukta moja nyeupe, ndogo kuliko chembe ya chumvi, ikasogea. Ikasogea nyingine. Baada ya muda ilikuwa wazi kwamba mfuniko mzima unatembea.

"Utitiri," akasema. "Huu ni wa sungura, huishi masikioni. Unakula ngozi na majimaji yake, ngozi inatoa maji, maji yanakauka, wenyewe wanazidi kuzaliana humo ndani. Ukivuta gamba unavua ngozi."

Mama akauliza kama watoto watapata upele, maana kanga ilikuwa yake. Akamwambia hapana, utitiri huu haukai kwa watu. Kanga ichemshwe tu kwa amani ya moyo. Lakini majani yote ya bandani yatolewe na kuchomwa, na mbao zisuguliwe kwa maji ya moto, kwa kuwa wadudu hao wanaweza kuishi nje ya sungura siku nyingi wakimsubiri. Na majike yote yachomwe sindano, hata yasiyojikuna. Baba akauliza kwa nini alipie dawa ya asiyeumwa. Kijana akamwonyesha shina la sikio la jike mmoja, kwa ndani kabisa, palipokuwa na unga mkavu mdogo tu. Baba akatoa fedha.

Dawa ilikuwa ivermectin, ile wanayochomwa ng'ombe, lakini kwa sungura ilikuwa tone tu ndani ya bomba dogo. Alishika ngozi iliyolegea ya shingo, akaichoma chini yake, na Diwani hakufanya lolote. Akaeleza kwamba dawa huua utitiri ila haiui mayai, na yai huchukua kama wiki tatu hadi liwe mdudu mzima anayetaga, kwa hiyo atarudi baada ya wiki mbili awapate waliozaliwa kabla hawajataga. Sindano mbili zingetosha. Juu ya gamba tudondoshe mafuta ya nazi kidogo, lilainike, lidondoke lenyewe. Tusichokonoe. Alituonyesha pia, kwa kumweka Diwani kinyume na jua, mishipa ya sikio lile zima: sikio la sungura ndilo linalotoa joto la mwili wake, akasema, na kwa Morogoro ya Novemba, sungura mwenye masikio yaliyovimba anaumwa mara mbili.

Kabla ya kupanda baiskeli akaongeza: "Mzee, nyama yake msile. Hesabuni mwezi mzima tangu sindano ya mwisho."

Mama alihesabu. Najua kwa sababu alama aliiweka kwenye kalenda ya ukutani, duara la kalamu nyekundu. Sindano ya pili ilichomwa Novemba, na mwezi wake ulikuwa unaisha siku chache kabla ya Krismasi.

Magamba yalidondoka kama kijana alivyosema. Tulikuwa tunayaokota sakafuni mwa banda asubuhi, kaka akiyabeba kwa karatasi hadi kwenye moto, maana tangu siku ile alikuwa amejipa cheo cha mganga mkuu. Chini yake ngozi ilitoka ya waridi, nyororo, na sikio likaanza kusimama tena, ingawa ncha yake ilibaki imekunjika kidogo. Ta-ta-ta ya usiku ikakoma.

Nikiandika habari za sungura huwa napata ujumbe wa watu wenye sungura, kwa hiyo niseme haya haraka. Sungura akitikisa kichwa na kujikuna, mfunue sikio umwangalie hadi chini, siyo ncha tu. Msiingize pamba za vijiti. Msimwekee dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil, inaweza kumuua. Akianza kuinamisha kichwa upande mmoja au kuzunguka duara, huo si wakati wa mafuta ya nazi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na msimbebe kwa masikio, hata akiwa mzima. Basi.

Desemba ikafika na wageni wakaanza kutuma salamu kwamba watakuja. Shangazi na wanawe kutoka Kilosa, baba mdogo kutoka Dodoma. Mama akaanza kupiga mahesabu ya mchele. Majike yalikuwa na mimba, na watoto wakubwa tulikuwa tumeshawauza, hivyo wa kuchinjwa alibaki mmoja. Mimi na kaka tuliacha kumpelekea majani kwa pamoja. Kila mmoja alikwenda kwa wakati wake.

Wiki moja kabla ya sikukuu tukaiona baiskeli ya bwana mifugo inaingia uani. Hakuna aliyemwita, kwa kadiri tulivyojua. Baba alikuwa ameshamtoa Diwani, amemshika kifuani.

Kijana alilifunua sikio la kushoto, akalifunua la kulia, akarudi la kushoto. "Mzee, huyu amepona. Ni safi kabisa."

"Mchome."

"Haina haja, mzee. Zile mbili..."

"Wewe mchome tu, mtaalamu. Si unalipwa?"

Akamchoma. Akarudisha chupa mkobani, akapokea hela yake, na alipokuwa anaikunja akasema, kwa mazoea tu, kwamba nyama ya huyu sasa isiliwe mwezi mwingine. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa mlangoni na ungo. Alimtazama baba muda mrefu kidogo, akaingia ndani. Jioni nilikuta duara jekundu kwenye kalenda limekatwa kwa mstari.

Krismasi tulikula jogoo, na hakututosha. Baba mdogo alilalamika waziwazi, akauliza lile dume kubwa liko wapi. Baba akamjibu kwamba lina dawa mwilini, bwana mifugo kakataza. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezuiwa na serikali. Mwaka uliofuata Diwani alikuwa mzee, nyama ngumu, hakuna aliyemtaja. Niliingia sekondari yeye bado yupo, anakula.

Sasa kwa miaka yote hii nimekuwa nikijieleza jambo hili kwa namna yangu, na namna hiyo hubadilika kulingana na siku. Kuna siku nasema baba aliisikia ile sauti akiwa na sabuni masikioni na haikumtoka. Kuna siku nasema alikuwa mtu mwangalifu tu, alishaingia gharama, hakutaka ugonjwa urudi kwenye majike. Mwaka uliofuata nyuma ya banda alichinja wengine, tena bila kupepesa jicho, kwa hiyo ile habari ya moyo kulainika nayo haisimami vizuri.

Baada ya binti kulala nikampigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna usalama? Mbona usiku?"

Nikamwambia usalama upo, nataka kumuuliza kitu cha zamani. Ile sindano ya tatu ya Diwani, ilikuwa ya nini? Nilidhani atauliza Diwani gani. Hakuuliza. Akakohoa.

"Chupa ilikuwa imeshafunguliwa," akasema. "Ingeharibika."

Chupa haikuwa yetu. Ilitoka kwenye mkoba wa bwana mifugo ikarudi mkobani, na aliyetoa fedha ni baba mwenyewe. Nikamwambia ahaa, kumbe. Akaniuliza mahindi huku kwetu ni shilingi ngapi gunia.