Difu ya Nyuma

Jumapili, usiku

Difu ya nyuma ya monsta traki yangu ya rimoti, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, nimeifunga tena. Vidole bado vinateleza kwa oili ya silikoni, ambayo haikubali kutoka kwa sabuni mara moja, na nimeona niandike leo leo, wakati sura ya yale meno bado imo machoni.

Dalili ilikuwa mlio. Monsta traki ilikuwa ikiondoka taratibu bila shida, lakini ukivuta throtoli (kichocheo cha mwendo kwenye rimoti) kwa nguvu, nyuma kunasikika trrrk, halafu ndipo magurudumu yanashika. Mlio wa namna hiyo waweza kutoka kwenye gia za mota vilevile, kwa hiyo sikuanza na bolti. Nilishika magurudumu yote mawili ya nyuma yasizunguke, nikaizungusha propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya mota kwenye difu, kwa vidole. Ikaruka jino. Hapo ubishi umekwisha, ugonjwa umo ndani ya difu. (Kuna magari ambayo kipimo hiki hakina nafasi. Clod Buster ya Tamiya, gari la rimoti la mwaka 1987, ina mota kwenye kila ekseli na haina shafti ya katikati. Nalipenda sana gari lile kwa ujasiri huo.)

Kulifungua hakuna simulizi. Ni alenki, skrubu, bampa, mikono ya sasipensheni, kisha kifuniko.

Kraunwili, gia kubwa ya difu, ilikuwa imelika upande mmoja tu wa meno, ule unaosukumwa gari likienda mbele, na ncha zimeviringana. Pinioni, gia ndogo inayoizungusha, nayo ni hivyo hivyo. Ungeweza kusema gia zimechoka, ukaweka mpya, ukaendelea. Lakini nilipokamata shafti ya pinioni na kuitikisa, ilicheza. Beringi yake ilikuwa kavu, grisi imekwenda na maji, vumbi limeingia, gololi zinakwaruza. Muuaji ndiye huyo. Pinioni na kraunwili zinapobeba nguvu, kila moja humsukuma mwenzake mbali, na kinachozizuia zisiachane ni beringi na nyumba yake tu. Beringi ikilegea hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, meno hayaingiliani tena kwa kina. Yanashikana kwa ncha, na ncha haziwezi kubeba gari zito linalotua kutoka hewani huku magurudumu bado yanazunguka kwa kasi. Kuweka gia mpya juu ya beringi kuukuu ni kununua gia mara mbili. Nimebadilisha beringi zote, za pinioni na za difu yenyewe.

Kisha nikafungua kasha la difu. Oili ya silikoni huwa angavu. Hii ilikuwa ya kijivu, na nilipoipaka kwenye karatasi nyeupe chini ya taa ilimeta chembe za chuma. Zilitoka kwenye pini ya spaida gia, zile gia ndogo za ndani ya kasha; pini ilikuwa imechimbika pale gia zinapoizunguka. Gia zenyewe zilikuwa nzima, nikazisafisha na kuzirudisha. Pini na oringi (pete za mpira zinazozuia oili isivuje) nimeweka mpya.

Gia hizi ndogo nazistaajabia kila ninapozishika. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliipatia difu hataza mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, na mpangilio ni uleule ulioko mezani kwangu. Gari likienda moja kwa moja, gia za ndani zimetulia na kasha zima linazunguka pamoja. Likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani; ndipo spaida gia zinapoanza kujizungusha kwenye pini, na kasi inayoongezeka upande mmoja ndiyo inayopungua upande wa pili. Ubaya wake nao unajulikana: gurudumu moja likinyanyuka, mzunguko wote unakimbilia huko, na lile lililokanyaga ardhi linabaki halina kazi.

Hapo ndipo oili inapoingia, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika gari la barabarani, oili ya difu kazi yake ni kulainisha na kupoza. Hapa imewekwa ili ikatae. Spaida gia zikitaka kuzunguka haraka inabidi ziikoroge, nayo inazirudisha nyuma, kwa hiyo gurudumu lililo hewani haliondoki na nguvu yote. Uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, hupimwa kwa sentistoki. Maji yana takriban 1. Ya 10,000 inamwagika kama asali. Ya 500,000 unaichota zaidi ya kuimimina. Nyuma nimerudisha 10,000. Ukiweka nzito zaidi, magurudumu mawili yanasukuma kwa pamoja na gari linapanda ardhi mbovu kwa nguvu, ila ukivuta throtoli katikati ya kona mkia unatoka. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ina tabia yake: oili ikiwa nyepesi mno, matairi ya mbele yanavimba kwa kasi na nguvu inapotelea huko, ikiwa nzito, nyuma inapata haki yake na pua inanyanyuka. Naamini mtu anayelalamikia matairi na sasipensheni angeanza kwa kuuliza difu zake zina oili gani.

Nimejaza hadi pini ya spaida gia ikafunikwa, nikazungusha gia polepole mapovu yapande, nikaiacha itulie, nikaongeza kidogo. Sikujaza hadi ukingoni. Silikoni hutanuka kwa joto, na isipopata nafasi hujipenyeza kwenye oringi. Skrubu za kasha nimezikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, ili gasketi ilale sawa.

Kilichokula jioni yangu ni shimu, zile washa nyembamba za milimita 0.1 na 0.2. Ukihamisha moja kutoka upande huu wa kasha kwenda ule, kraunwili inaisogelea pinioni. Ikibana sana, shafti inagoma. Ikilegea, unarudi kwenye ule mlio. Nazungusha mzunguko mzima, kwa sababu kraunwili inaweza kuwa laini hapa na kukaza mbele kidogo, na nasikiliza kwa vidole. Gia mpya hukwaruza kidogo, hilo si tatizo. Nilipopata mahali ambapo hakuna mchezo wala mgomo, nikapaka grisi kwenye meno na kufunga. Gundi ya nati nimeweka tu kwenye skrubu zinazoingia kwenye chuma, kwani baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo.

Kesho betri ya kwanza ni ya mwendo mpole, bila kuruka, meno yazoeane. Kisha nitashika tena magurudumu na kuipima shafti. Difu ya mbele haijalia, lakini beringi zake ni za umri uleule na zimepita kwenye maji yaleyale. Seti nyingine ninayo tayari. Betri hiyo ikiisha, naifungua nayo.