Praktiko za kemia, wiki ya tatu: zabibu zimetutoa jasho

Haya wadau, mradi wangu wa kuwapa wanafunzi vitu halisi wavipime, visivyo na jibu la kunakili, bado unasonga. Kwa mliosahau, mi nasaidia maabara ya mwaka wa kwanza hapa Dodoma na nimechoka kusahihisha ripoti zenye namba zilezile za mililita, 25.00, 25.00, 25.10, maana asidi natengeneza mimi, jibu wameshapewa na kaka zao wa mwaka jana, sasa kwa nini wasipike data? Hata mi nilipika enzi zangu.

Safari hii kundi moja la watu kumi na wawili sikuwapa chupa yenye lebo. Nilipita soko la Majengo nikachukua kilo mbili za zabibu nyekundu, wakakamua, wakachuja, swali moja tu: lita ya juisi hii ina gramu ngapi za asidi?

Aisee. Wametia fenolfthalini (kiashiria, yaani kitu kinachobadili rangi asidi ikiisha) wanasubiri rangi ya waridi, kwenye juisi ambayo tayari nyekundu! Wanadondosha NaOH (besi ya kuua asidi), rangi inafifia, inakuwa kama majivu, afu dada mmoja anaita, "Ticha, mbona imekuwa kijani kama mlenda?" Nikanyamaza makusudi. Wakabishana karibu nusu saa mpaka mmoja akakumbuka choya ya kwao ikiguswa na magadi inabadilika rangi, basi wakashtuka kwamba zabibu yenyewe ni kiashiria, inaifunika fenolfthalini. Wenyewe wakaamua kuzimua na maji yaliyokenekwa na kutumia pH mita, kipimo cha uasidi, wanasimama ikifika pH 8.2.

Kwa mililita 10 za juisi na NaOH ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), wale kumi na wawili wakiwa vikundi vinne walitumia mililita 8.1, 8.3, 8.9 na 8.3 za NaOH. Viwili tu ndivyo vilivyolingana, nilifurahi kweli. Ila kwenye hesabu watatu waliniletea gramu 12.6 kwa lita, wamesahau asidi ya tartariki, asidi kuu ya zabibu, inatoa protoni mbili, yaani molekuli moja inakula NaOH mbili, jibu kwa wastani ni 6.3.

Ubaya ni muda, ratiba inasema masaa matatu sisi tumetoka giza linaingia, na byureti moja (mrija wa kudondoshea) imevunjika (mi ndo niliivunja).

Wiki ijayo kila mtu aje na maji ya kwao, ya bomba au kisima, tupime ugumu, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu, kwa EDTA, kemikali inayozishika. Birika langu lina magamba meupe hatari, nitalileta kama ushahidi. Shida ni bafa ya pH 10, ya kushikilia pH isiyumbe wakati wa kupima, imebaki robo chupa na mwenye funguo za stoo yuko likizo.