Dakika 10 za kwanza, kabla ya faili

Kuna mwenzangu wa shifti ameniuliza mbona nakazania sana ile karatasi ya mwongozo wa mshtuko wa moyo iliyobandikwa pale kasualti, ati si kila mtu anajua? Ni kweli, kila mtu anajua. Shika nesi yeyote wa kasualti hapa Nairobi umuulize, atakwambia mgonjwa wa kifua anapimwa ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni, anapewa aspirini 300 mg aitafune, na kama mshipa wa moyo umeziba kabisa ufunguliwe haraka. Kujua tunajua. Tatizo ni kitu gani kinatangulia.

Manake mgonjwa akifika kinachotangulia mara nyingi ni faili, halafu kaunta ya malipo, halafu foleni ya presha, halafu daktari, na daktari ndiye wa kuandika ECG, basi mtu wa familia anarudi tena kaunta akailipie. Kila hatua ukiitazama peke yake iko sawa, hakuna mtu amekaa bure, lakini ukijumlisha unakuta saa nzima imeenda na kifua cha huyo mzee hakijaguswa, na msuli wa moyo ukishakufa haurudi. Kuna hospitali nilifanya kazi zamani ilikuwa hivyo kabisa na wafanyakazi wake walikuwa watu wa bidii sana. Na hii ni nchi ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwangu mimi ECG ya mtu anayeshika kifua ni dharura, risiti itakuja baadaye.

Tunapofanya vizuri sasa hivi ni kwa sababu ya mambo madogo tu. Mashine inakaa pale pale kwenye kupokea wagonjwa, haifungiwi wodini, nesi anapima bila kungoja aandikiwe, na saa ya kufika inaandikwa kwa kalamu juu ya karatasi ya ECG ili kila anayeishika aone muda unavyoenda.

Kupima kwenyewe pia kuna mambo. Mzee amelowa jasho chapa, stika hazishiki, inabidi umpanguse na taulo, unyoe nywele kidogo, uanze tena. Kwa akina mama V4, moja ya zile stika za kifuani, inafaa iingie chini ya titi, na hapo wengi wanaona haya wanaibandika juu juu, karatasi inatoka inadanganya. Na hao akina mama ndio tunaowakosa zaidi, pamoja na watu wa sukari na wazee sana, kwa sababu hawaji wakisema kifua. Anakuja anakwambia "sista, tumbo inanichoma hapa juu, nadhani ni vidonda vya tumbo vimerudi," anahema, anatapika kidogo, na mtu akiharakisha anaandikiwa dawa ya gesi anaenda nyumbani. Huyo naye apimwe ECG ndani ya zile dakika 10. Na ST, ile sehemu ya mchoro wa ECG inayopanda mshipa ukiziba, ikiwa imepanda hakuna kungoja troponini, kipimo cha damu cha kuumia kwa msuli wa moyo, maana kinaweza kuonyesha bado hakuna shida saa za mwanzo wakati mshipa umeshaziba.

Halafu mwongozo si kuongeza dawa tu, kuna mahali unasema acha. Ukiona ST imepanda kwenye II, III na aVF, mistari ya ECG inayoangalia upande wa chini wa moyo, usikimbilie ile dawa ya kupanua mishipa ya kuweka chini ya ulimi kabla ya kupima V4R, yaani V4 ikihamishiwa upande wa kulia wa kifua, na kuangalia presha, maana kama upande wa kulia wa moyo umeumia unaweza kuishusha presha mpaka mtu azimie. Na lazima umuulize kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku mbili zilizopita. Muulize mkiwa wawili, mama watoto akiwa amesimama hapo mzee atakataa tu. Oksijeni nayo: familia inaona mgonjwa hana mpira puani inaanza kulalamika, na nawaelewa kabisa, lakini utafiti wa Sweden wa 2017 wenye wagonjwa zaidi ya 6,000 ulionyesha kama kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiko asilimia 90 au zaidi, oksijeni haipunguzi vifo. Nawaeleza polepole, wengi wanakubali.

Wale wanaoona mwongozo ni makaratasi tu nawakumbusha utafiti wa ISIS-2 wa 1988, wagonjwa wa mshtuko wa moyo zaidi ya 17,000, ambapo aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa asilimia 23, streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa 25, na zote mbili pamoja kwa 42. Na mwaka 2006 Marekani waliangalia hospitali 350, wakaona kila asilimia 10 ya kufuata mwongozo zaidi ilienda pamoja na hatari ya kufia hospitalini kupungua kwa kama asilimia 10. Hizo ni roho za watu.

Pale tunapobishana sana ni kumhamisha. Mwongozo unasema kama mgonjwa anaweza kufunguliwa mshipa kwa puto ndani ya dakika 120, mpeleke, la sivyo mpe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya dakika 30, ukishahakikisha hajawahi kuvuja damu kichwani, hana kiharusi cha juzi na presha haijapita 180 kwa 110. Sasa watu wanahesabu barabara tu. Ukiwa upande wa Mombasa Road saa kumi na mbili jioni hesabu pia simu ya kutafuta nafasi, mazungumzo ya dipoziti, ambulansi kufika, lifti ya huko anakokwenda. Mimi nikihesabu hayo yote kwa ukweli, mara nyingi jibu ni kumchoma dawa hapa hapa, halafu ndiyo ahamishwe, na ECG irudiwe baada ya dakika 60 mpaka 90, ST isiposhuka angalau nusu huyo akafunguliwe mara moja.

Jambo la mwisho ni siku ya kuruhusiwa, tunaipita haraka sana. Anaenda na aspirini, klopidogreli ya kuzuia damu kuganda na atovastatini ya kushusha mafuta kwenye damu, na akifika mwezi wa pili klopidogreli ikiisha hanunui tena maana anajisikia vizuri na hela zina kazi nyingine, ilhali kwa wengi hiyo ni ya miezi 12. Siku hizi naandika kwa herufi kubwa mwezi na mwaka wa kuiacha, kwenye karatasi yake ya kutoka, na namsomea pamoja na yule anayemnunulia dawa.