Chungwa chini ya zulia

Nilikuwa na miaka 17, najifunza kupiga rangi kwenye gereji ya jua kali mjini Nakuru, mkulima mmoja wa Njoro alipotuletea gari lake, Datsun 240Z. Ilikuwa nyeupe iliyokufa mng'ao. Ukiishika, unga wake unabaki kiganjani kama chokaa. Alitaka iwe nyekundu yenye boneti nyeusi, kama zile Datsun zilizoshinda Safari Rally, mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Weusi ule usiong'aa haukuwa pambo. Ulizuia jua lisimrudie dereva machoni.

Mzee wetu, fundi mkuu wa gereji, hakuwasha kompresa. Alinipa msasa wa maji na ndoo, akaniambia nifungue doa moja tu juu ya gurudumu la nyuma, tena polepole. Nilisugua hadi ncha za vidole zikakunjamana. Nyeupe ilipoisha ikaja buluu, nene, imejaa punje za vumbi. Bila shaka ilipigwa nje, upepo ukivuma. Chini yake prima, rangi ya msingi, ya kijivu. Halafu, katikati kabisa, rangi ya chungwa, nyembamba na laini. Doa lilikaa pete kwa pete kama kitunguu kilichokatwa.

Mzee akabandua mpira wa mlango, akafunua zulia. Kote chungwa.

"Hii ndiyo ya kiwandani, kijana. Fundi wa mtaani hupiga panapoonekana. Kiwanda hupiga bodi tupu, kabla ya viti na nyaya kuingia."

Baadaye nilijua kwamba Nissan, waliotengeneza Datsun, waliipa rangi hiyo namba 918. Siku ile nilijua tu kwamba sikutaka kuifunika.

Mwenye gari alipofika alipapasa lile doa kwa kidole gumba, kimya, muda mrefu.

"Mzee, ni nzuri," akasema. "Lakini ile nyekundu niliiona ikipita na matope yake, nimekaa mabegani mwa baba."

Mzee hakubishana naye. Mimi niliumia, na hadi leo naona chungwa lile lilistahili kurudishwa. Tulipiga nyekundu, tukapiga boneti nyeusi, ila Mzee alinikataza kabisa kugusa chini ya zulia.

Mkulima alipokuja kulichukua, gari liling'aa kiasi cha kuona uso wako mlangoni. Alifungua mlango, akachuchumaa, akainua zulia la upande wa dereva. Aliangalia huko kwanza.