Kuzoea gari la turbo lenye gia za manyuo

Gari nililokuwa nalo kabla ya hili lilikuwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, na mguu wangu wa kulia ulishazoea kujibiwa papo hapo. Hili la sasa ni la petroli, lita 1.4 tu, lina turbo na gia sita za manyuo. Kwenye makaratasi linalizidi lile la zamani kwa nguvu. Lakini likanyage mafuta mshale ukiwa kwenye mizunguko 1,300 kwa dakika uone: unapata kijiinjini cha lita 1.4 kinachojikongoja, basi. Mshale ukikaribia 1,800 ndipo linapochomoka kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa kelele.

Kilichonisaidia kulizoea ni kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyaweka kapu moja na kusema tu kwamba turbo inachelewa. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Upande wa pili wa shafti yake kuna feni inayosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Injini ikizunguka polepole moshi ni mchache, na hapo hata ukandamize mafuta mpaka chini, presha ya maana haiji. Dawa yake ni gia. Jambo la pili ni kwamba hata mizunguko ya injini ikitosha, ile feni inatakiwa ipande hadi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na haifiki huko kwa kufumba na kufumbua. Hicho ndicho kile kitambo unachokisikia kati ya kukanyaga na kuondoka. Kushusha gia kunakifupisha, hakukiondoi. Dawa yake ni mguu kutangulia.

Kuovateki ndiko kunakodai yote mawili kwa pamoja. Tuseme niko nyuma ya lori mlimani, gia ya tano, mshale uko 1,600. Kutoka hapo na kukanyaga ni kujitafutia balaa, maana utajikuta upande wa pili wa barabara ukisubiri nguvu ije. Naacha nafasi nyuma ya lori, nashusha moja kwa moja hadi gia ya tatu nikiwa bado upande wangu, mshale unakaa kati ya 2,500 na 3,000. Nikishaona barabara iko wazi, nakanyaga mafuta kwanza, halafu ndiyo nageuza usukani. Nafasi niliyoacha mbele yangu ndiyo inayomeza ule mwendo wa mwanzo. Gari likifika sambamba na tairi la nyuma la lori, presha imeshajaa. Na sisubiri mshale ugonge mstari mwekundu: turbo ndogo kama hii huishiwa pumzi mapema, ikipita 5,000 ni kelele zaidi kuliko nguvu. Napandisha gia ya nne, mshale unaangukia palepale penye mvuto.

Kwenye dashibodi kuna kialama kinachonihimiza nipande gia. Nakitii nikiwa kwenye tambarare na mguu mwepesi, kwa sababu hapo kweli kinaokoa mafuta. Mlimani sikitii hata kidogo. Injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, inaweza kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijatoa cheche, na kishindo chake kinaweza kuvunja pistoni. Si hadithi za gereji. Viwango vya oili vya API (taasisi ya petroli ya Marekani), yaani API SN Plus, vya mwaka 2018, na API SP, vya 2020, vimewekewa kipimo maalumu kwa ajili ya tatizo hilo, na watengenezaji wa oili walipunguza kalsiamu kwenye viungo vya kusafishia injini vinavyotiwa ndani yake kwa sababu ilionekana kulichochea. Kwa hiyo kwenye kopo la oili naangalia kwanza hayo maandishi, bei baadaye.

Gia nazo zina vituko vyake. Ukitoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga klachi, mshale haushuki mara moja; unaning'inia kidogo, ndipo unaanza kuteremka. Kompyuta ya injini inafanya hivyo makusudi ili kupunguza uchafu kwenye moshi, na flaiwili nzito, lile gurudumu la chuma linalozunguka pamoja na injini, inachangia. Ukiwahi kuachia klachi, gari linarukia mbele na abiria wote wanaitikia kwa vichwa. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili ndiko kunakosumbua zaidi. Mimi naachia mafuta nukta moja kabla ya kukanyaga klachi, mkono unapeleka gia bila pupa, na kufikia hapo mshale umeshajishusha wenyewe.

Klachi yenyewe huonja joto ya jiwe katikati ya mizunguko, pale turbo inapomwaga nguvu yote kwa mpigo. Kabla ya kulinunua gari hili nililijaribu hivi: gia ya nne, mizunguko 2,000, mafuta mpaka chini kwenye barabara iliyo wazi. Mshale wa mizunguko ukiruka juu huku mwendo ukibaki nyuma, klachi inateleza, hata kama mjini gari linaonekana zima kabisa. Langu lilipanda kwa pamoja, tukaelewana bei.

Kuna hili la kupasha na kupoza injini, ambalo watu wamelifanya kama ibada. Asubuhi siliachi likinguruma bure. Naondoka taratibu, mshale hauvuki 2,500, na hata geji ya joto ikishasimama katikati naendelea taratibu kidogo tena, maana ile inapima maji, na oili huchelewa kupata joto kuliko maji. Kulizima ni kwa hali. Kama nimetoka mjini kwa mwendo wa kawaida nazima tu. Kama nimetoka kupanda mlima mrefu au kukimbiza kwenye barabara kuu, naliacha likinguruma kama dakika moja, kwa sababu turbo inakuwa ya moto mno, na oili iliyosimama kwenye beringi zake huungua na kuacha masizi magumu. Turbo nyingi za siku hizi hupozwa pia na maji, kwa hiyo zile dakika tano za kukaa umeshika usukani naona ni za enzi zilizopita.

Siku moja lilinipotezea nguvu ghafla. Kila nikikanyaga nasikia "shuuu" kutoka mbele, na taa ya injini ikawaka. Ukitajiwa turbo unaanza kuhesabu pesa. Nilipofungua boneti nikakuta mpira unaotoka kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, umechomoka kwenye shingo yake, na ukingo wake una utando mwembamba wa oili. Utando kidogo ni kawaida, hutokana na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa, ila huufanya mpira uteleze. Nilifuta pande zote mbili zikakauka, nikaurudisha, nikafunga klipu mpya. Tangu hapo sauti za gari hili nazitenganisha. Mluzi mwembamba unaopanda na mizunguko, na "pssh" fupi unapoachia mafuta, ni salamu zake za kawaida. Ile "shuuu" inayodumu muda wote ukikanyaga, huku nguvu haipo, ndiyo ya kusimamia.

Linalobaki kunikera ni kuondoka mlimani likiwa limejaa watu. Turbo bado imelala, injini ni ndogo, na ukiachia klachi kama ulivyozoea kwenye lita 2.0 linazima. Navuta handibreki, napandisha mizunguko hadi kama 1,800, naachia klachi mpaka pua inyanyuke kidogo, ndipo nashusha handibreki. Likishatembea naiachia klachi yote upesi; nikiishikilia nusu nusu nikingoja turbo, harufu ya kuungua inaingia ndani kabla nguvu haijafika.