Babu kapasuliwa kichwa yu macho

Alhamdulillahi. Babu katoka chumba cha upasuaji mchana huu, hapa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

Wiki kadhaa nyuma aliteleza kwenye ngazi za msikiti. Akainuka, akasali, ikasahaulika. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo. Juzi akaanza kuburuta mguu na kuchanganya majina yetu.

Kwa umri wake na moyo wake, daktari wa usingizi hakutaka nusu kaputi.
Wakamchoma ganzi kwenye ngozi ya kichwa, wakampa dawa ya kumtuliza, fuvu likatobolewa matundu mawili, damu ikatoka.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu, alitueleza daktari. Kinachouma ni ngozi na utando unaoufunika.
Hata kwenye upasuaji wa uvimbe wa ubongo, ambapo hukatwa kipande kizima cha fuvu kisha kikarudishwa, wapo wagonjwa wanaoamshwa katikati na kuzungumzishwa, ili sehemu ya usemi isiguswe.

Lakini lililoniliza ni hili.
Daktari wa usingizi alimshika mkono, akamuuliza wajukuu zake ni nani.
Drili inalia juu ya sikio, babu anatutaja.
Mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, hata mdogo wetu aliyeko Wete.
Hakukosea hata jina moja!

Jamani, mzee akianguka, kisha baada ya wiki akalalamika kichwa au akaburuta mguu, mpelekeni hospitali.

Na mliouguza mgonjwa wa namna hii nyumbani, nambieni: siku za mwanzo mlimhudumiaje?